Mimina, Makame

Jumamosi, misa ya jioni ikiisha,
wanapanda ngazi za nyumba ya Bwana Lobo, Kajificheni.
Mtaa umejipa jina wenyewe, mimi sikusema neno.

Ngazi ishirini na mbili, ya kumi na tisa bovu.
Mama Filomena hutangulia, mkoba kifuani
kama aliyepakata mtoto mchanga,
na ndani ya mkoba, chupa.
Bwana Ngowi wa forodha huja na daftari
na kalamu mbili, moja imegoma.
Aurelio, fundi mitambo wa meli, mstaafu,
huja na kiu tu.

Mimi humimina. Kidole kimoja, tone la maji.
Barafu hapana: barafu, asema Bwana Lobo,
ni kumziba mtu mdomo kabla hajatoa salamu.

Wanazungusha. Wananusa. Wanafumba macho.
Kisha wanapapasa maneno
kama watu walioangusha shilingi gizani.

"Tufaha," asema Bwana Ngowi, naye anaandika.
"La dukani, au tufaa la Kizimbani?"
Mtoto wa Moshi hajui tofauti.
"Hii ina hospitali," asema Mama Filomena.
"Ina chumba cha injini," asema Aurelio,
kwake yeye kila wiski ina chumba cha injini.

Siku ile ya kwanza nilisema bila kuulizwa:
"Mwani. Mwani wa Jambiani, siku ya pili juani,
mvua haijaupiga."
Kimya.
Pua nne zikarudi ndani ya bilauri.
"Mama Maria," akasema Filomena, "mwani!"

Tangu hapo maneno ya daftari ni yangu,
mwandiko tu ndio si wangu.
Chupa ya kulungu: busati la karafuu asubuhi, umande haujakauka.
Ndefu ya kijani: ganda la mdalasini
lililosahauliwa mfukoni mwa koti.
Ile ya bei ya kutisha: haina kitu, inanukia pesa.
Na ile rahisi, Aurelio aliyoificha nyuma ya pazia kwa aibu:
ukoko wa halua, sufuria ingali moto.
Nunueni hiyo, nikawaambia.
Wakanunua. Wakarudi kununua tena.

"Umejuaje, Makame, nawe hujapata kuonja?"

Mama yangu, Wete, alichambua karafuu.
Akiteka ukufi, akiupeleka puani,
akisema: hizi zimelala ndani na unyevu,
hizi zimeharakishwa na jua,
hizi mwizi kazichanganya na makonyo.
Mpimaji alikuwa na mizani ya serikali
na bado alisubiri mama aseme kwanza.
Karafuu hazikuwa zake. Hata konzi moja.

Sikuwajibu hivyo.
Nilisema, "Mungu kanipa pua," wakacheka.

Sheikh wetu wa Kikwajuni huwataja mmoja mmoja:
anayeikamua, anayeinywa, anayeibeba.
Akifika kwa anayeimimina, natazama mkeka.
Wa kunusa hajamtaja.
Sijamuuliza. Mwenye swali kama hilo
huwa tayari ana jibu.

Saa nne naosha vyombo.
Bilauri tupu hunukia kuliko iliyojaa.
Hili hawalijui, wameshateremka,
na Aurelio ameisahau tena ngazi ya kumi na tisa.

Nyumbani nanawa kwa sabuni, kwa ndimu, kwa sabuni.
Biubwa ananishika kiganja, anakinusa.
"Leo mmefungua mpya."
"Ehe."
Anafikiri, kidole gumba chake
kikifuata mstari wa mkono wangu, kwenda na kurudi.
"Nyumba ya bibi, Mkoani," anasema.
"Siku ya msiba. Kahawa inaungua jikoni
na hakuna anayeinuka kuiepua."

Sikulala.
Ndiyo hiyo. Ndiyo hasa hiyo.
Na daftari liko Kajificheni, limefungwa,
na Bwana Ngowi ameshaandika:
tufaha.