Kabla ya Supu

Bakuli la kwanza nililipaka vanishi.
Usiniulize kwa nini. Kopo lilikuwepo,
limebaki tangu tulipopaka madirisha,
nami nilidhani kung'aa ndiko kukamilika.
Nikapaka nene, kama mtu anayelipa deni.
Asubuhi: mapovu, michirizi,
na unywele mmoja wa paka, mweupe,
umezama mle kama mdudu ndani ya kaharabu.

Drejc, jirani yangu, aliligeuza mara mbili.
Amekereza mapawa na vinu miaka arobaini hapa Ribnica
wala hajui kusifu.
"Umelivika koti la mvua," alisema,
"na ndani halijaoga."
Akanipa msasa.
Namba themanini, mia na ishirini, mia na themanini,
mia mbili na arobaini.
Niliruka mbili nikitumaini hataona.

Hakuona yeye. Mafuta yaliona.
Nilipoyamimina ya kitani juu ya mpeasi,
kila mkwaruzo ulisimama ukataja jina lake,
pete juu ya pete, hadi kwenye kitako.
Uliloficha pakavu, hulisoma pakilowa.

Usiku ule nikakunja matambara, nikayatupa pipani.
Nani angejua kitambaa chenye mafuta hayo
hujipasha moto chenyewe, kama mtu anayenuna?
Saa nane nikanusa.
Pipa lilikuwa likifuka kando ya maranda,
nami, karani mstaafu wa posta, miaka hamsini na tisa,
nikakimbia thelujini na soksi moja
na sufuria iliyokuwa na maji ya viazi.
Siku hizi huyatandaza nje kwenye waya, moja moja,
kama nguo za mtoto.

Bakuli la tatu lilikuwa la Zarja, mjukuu wangu.
Mti wa mtofaa, mwekundu kidogo moyoni.
Drejc alinisukumia chupa: mafuta ya jozi,
yanakauka, yananukia jikoni,
"hata mjinga hawezi kuyakosea."
Nilikwisha kuchovya kitambaa.
Ndipo nikakumbuka koo lake likivimba
kwa kipande cha keki kidogo kama ukucha,
na baba yake akiendesha gari kuelekea Ljubljana
bila kusema neno.
Nikafunga kizibo. Nikanawa mikono mara tatu.

Basi nini?
Lakiri, ndugu wa ile tuliyopigia mihuri vifurushi,
ukiiyeyusha kwa spiriti hukauka upesi, hupendeza,
na supu ya moto huiachia doa jeupe.
Nta ya nyuki, na hapa kila ukoo una mizinga
yenye vibao vilivyochorwa rangi,
nta hunukia Agosti, lakini ni laini,
chai tu huitoa jasho.
Kuuacha mti mtupu? Drejc akainua mabega:
"Bibi yangu alilia mti mtupu hadi akafa,
na hakufa kwa bakuli."

Nikarudi kwenye kitani, kile kisichotiwa kikaushio.
Matone machache. Nikangoja dakika ishirini,
nikafuta yote yaliyokataa kuingia,
maana yanayozidi hayakauki, hunata,
kama shukrani inayorudiwa kila siku.
Wiki mbili. Tena kidogo. Wiki mbili.
Ilinibidi nijifunze kupita kwenye rafu bila kugusa.
Nilishindwa. Alama ya kidole gumba
iko pale chini, ukiinamisha kwenye mwanga.

Zarja alikula humo supu ya uyoga, Jumapili moja ya Machi.
Hakusema lolote kuhusu bakuli.
Alilamba ukingo, akaomba tena.
Nilipoliosha nikaona limepauka upande wa kijiko,
nikatafuta ndani yangu ile hasira ya zamani, haikuwepo.
Nikalikausha. Nikateremsha chupa.

Lile la vanishi liko mlangoni, lina funguo.
Wageni hulisifu kwanza.
Unywele bado umo.