Tone la Kijani

Moshi mjini watu hutazama kaskazini.
Hata mgonjwa wa Mawenzi akigeuzwa kitandani
huomba alazwe upande wa theluji.
Meza yangu ya kuchorea ilikaa dirisha la pili,
mgongo kwa Kibo, uso kusini-mashariki,
na alfajiri, kabla vumbi la Njia Panda halijaamka,
Upare ulijichora wenyewe:
samawati, umekunjika kama shuka la mtu aliyeondoka mapema.

Kileo, mkuu wa chumba, alisema yale ni matuta tu.
Sikumjibu. Mimi ni wa Usangi kwa mama.
Huo mlima wake wenye kofia ni mtoto wa juzi,
alizaliwa na hasira, akatapika moto hadi akachoka.
Yetu ilikwishakuwapo, mwamba juu ya mwamba,
imezeeka, imepungua kimo,
haina haja ya kumwonyesha mtu kitu.

Moja kwa hamsini elfu.
Wino wa kahawia kwa kontua, kalamu nyembamba kuliko zote.
Kindoroko: nikaandika tarakimu za kimo, nikapuliza zikauke.
Mashariki mistari ikabanana;
huko mawingu ya bahari hugonga vichwa,
hulowesha mikulo na ndevu za miti,
na chini yake Jipe, na matete yanayolila ziwa kidogo kidogo.
Magharibi nikaachia nafasi. Lembeni, Kisangara, mkonge,
kivuli cha mvua,
mbuzi wanaojua kusimama kwa miguu miwili.

Ramani haina alama ya tanuru lililozimika.
Mjomba Mfinanga alichimba choo akakuta mavi ya chuma,
meusi, mazito, ya enzi za wahunzi, kabla ya reli na Mjerumani.
Alicheka hadi jioni: kuna waliotutangulia!
Haina alama ya mwaka wa mbiru,
wanawake wa Usangi walipomzingira bwana shauri
na bibi Naetwe, mimba ya miezi saba,
akashika jiwe ambalo hakulirusha.
Alirudi nalo nyumbani.
Lilikuwa figa la tatu mpaka alipokufa.

Kisha zikaja picha za ndege.
Kileo akanipa wembe: kijani kimezidi, punguza.
Nikakwangua msitu.
Hapa maharage. Hapa matofali. Hapa mbao zilizoshuka usiku.
Karatasi ikawa nyembamba
nikaona vidole vyangu upande wa pili.
Mpaka wa msitu wa serikali haukunisumbua,
bikoni zake zimepakwa chokaa.

Lakini mpungi?
Mpungi hauna bikoni. Ukifika
unashusha sauti bila kuambiwa,
huokoti ukuni, hata ulioanguka wenyewe;
perere tu ndiye mwenye ruhusa ya kelele.
Chini yake ndiva hujaa usiku,
asubuhi hufunguliwa kwa zamu.
Kanuni ya ofisi: kisichofika milimita mbili hakichorwi.
Ukucha wa kidole changu kidogo uliufunika wote,
ukabaki na nafasi.

Saa kumi, Kileo akifunga kabati,
niliiacha kalamu ya kijani juu ya karatasi
kitambo kidogo kuliko inavyopasa.

"Nini hicho?"
"Wino umedondoka."

Akakohoa. Ramani ikaenda Dar es Salaam,
ikarudi nakala mia tano,
na tone katika kila moja.

Nakala moja nilimpelekea mjomba, wakati wa sikukuu.
Akavaa miwani,
akaufuata mto kwa njiti ya kiberiti,
akafika kwenye tone, akanyamaza.
"Umekosea. Mpungi uko ng'ambo."
Nikaona aibu. Nikasema nitawaomba wasahihishe.
Akaikunja ramani mara nne,
akaisukuma chini ya godoro.
"Thubutu," akasema.
"Liache hapo hapo lilipo."