Tangazo la Toleo la Nane

Niliandika: "Tumeboresha uwiano wa mwendo."
Sentensi moja, safi kama sahani iliyolambwa.
Ilikuwa Juni, Mwanjelwa, ghorofani juu ya duka la misumari,
vidole vimekufa ganzi, nakumbatia kikombe.
Gwakisa akasema tuma. Nikatuma.
Tukashuka kutafuta ndizi za kuchoma,
na mlima Loleza umejifunika shuka hadi puani.

Hatukutaja breki.
Hatukusema kwamba Simba Chuma,
lori la magurudumu kumi na nane
lile linaloshuka Kitonga na magunia mia mbili ya viazi
bila hata kunusa ukingo,
tumelipunguzia breki kumi na tatu kwa mia.
Sababu tulikuwa nayo, tena nzuri:
kila aliyelinunua alishinda,
na wasio nalo walikuwa wanaondoka mmoja mmoja
kama watu msibani baada ya kula.
Lakini sababu ilibaki mezani kwetu,
chini ya kikombe, ikilowa.

Saa mbili usiku simu ikaanza kutambaa yenyewe juu ya meza.
Matusi, ndiyo, ya kila kabila.
Matusi nimeyazoea, yana joto lake.
Kilichonikata ni ujumbe wa Anyitike wa Kiwira:
"Dada, nimepinduka mara nne kona ileile.
Miezi mitatu nimekusanya sarafu za hili lori,
nacheza nikishafunga saluni ya mama, bando la usiku.
Leo kutwa nzima nimeilaumu mikono yangu."

Mikono yake.

Gwakisa akasema, funika kombe mwanaharamu apite.
Ila mwanaharamu nilikuwa mimi,
nami sikuwa na pa kupitia,
maana wakati huo walikuwa wamefunga barabara:
malori mia nne na kitu, pua kwa mkia,
Kitonga nzima, juu hadi chini,
injini zimezimwa, taa za hatari zinapepesa
moja huku, moja kule, hazilingani,
na ukungu tuliouchora kwa wiki sita
(tulijivunia sana ule ukungu)
umewalalia mabegani.

Nikaingia na kilori changu cha majaribio,
kile kisicho na rangi.
Nikasimama nyuma ya Bibi Gia wa Mafinga,
nikaandika mbele ya wote:
Mimi ndiye niliyeandika tangazo. Naitwa Subilaga.
Tumepunguza breki. Kumi na tatu kwa mia.
Nikaeleza kwa nini. Nikaeleza nani alikuwa anaondoka.
Nikasema pia kwamba hatuna uhakika,
huenda kumi na tatu ni nyingi,
Ijumaa tutahesabu tena.

Kimya.
Kisha Bibi Gia: "Ungesema hivyo jana."
Mwingine: "Rudisheni sarafu."
Mwingine akapiga honi tu, ndefu, kama ng'ombe anayeitwa.
Hakuna aliyesogea. Sikutegemea wasogee.
Mmoja, mbali huko juu, akawasha injini,
akaizima.

Nikarudi mezani. Nikafuta "tumeboresha".
Nikafuta "uwiano", neno lile
ambalo nililichagua kwa sababu halina uso.
Nikaanza upya na neno Breki, peke yake, mstari mzima.
Nikaweka namba. Nikaweka sababu.
Nikaweka siku ya kurudishiwa sarafu kwa anayetaka.
Mwisho kabisa nikaongeza:
Kama umepinduka leo, si mikono yako.

Gwakisa akasoma akiwa amesimama, koti mgongoni.
"Hiyo ya mwisho toa. Hayo si mabadiliko ya mchezo."
Nikamwambia ndiyo pekee itakayosomwa Kiwira.
Akakuna kidevu. Hakusema toa mara ya pili.

Nikabonyeza tuma.
Kiduara kikaanza kuzunguka,
kikazunguka,
na umeme wa Mwanjelwa ukakatika.
Nimekaa gizani na chai ya baridi,
sijui kama imetoka.