Kwa Gwamaka, Aliyepata Cheti Juzi

Nimekiona cheti chako, Gwamaka,
kimevishwa plastiki, kimetundikwa juu ya redio ya mama yako
pale Matema, na picha umekunja uso.
Hongera. Sasa shika upande huu wa chungu.

Mimi si nahodha. Ni mfinyanzi wa Ikombe.
Miaka thelathini na moja, kila Jumamosi alfajiri,
napakia udongo wangu kwenye boti ya mtu mwingine
kwenda mnada wa Lyulilo.
Manahodha nawajua kwa vikohozi,
maana wao hukaa nyuma na injini,
mimi hutazama mbele.

Chungu hulazwa mdomo chini, nyasi katikati.
Chuoni wamekufundisha kusikiliza injini.
Sikiliza na vyungu.
Vikianza kunong'onezana
wimbi limegeuka, na wewe hujaliona.

Jaketi okozi ni kumi na mbili.
Hesabu vichwa, usihesabu nauli.
Wa mgongoni naye ni kichwa.
Na usiniambie "tutafika."
Sema "tunakwenda."

Angolwisye, humkumbuki, ulikuwa hujazaliwa,
siku moja aligeuza boti
tumeshapita nusu, moshi wa Lyulilo tunauona.
Akasema mwera unakuja.
Tulimtukana kwa Kikisi, tukarudia kwa Kinyakyusa.
Nilianza mimi:
vyungu arobaini na vitatu, ada ya Tupokigwe ilikuwa humo.
Hakujibu. Alitema mate ziwani, akaturudisha.

Na mwera haukuja.
Ziwa lilikaa bapa kama sinia mpaka jioni,
mtoto angeweza kuvuka na karai.
Wiki nzima walimcheka kwenye pombe,
walimwita Bibi Harusi, kwa kuogopa kulowa.
Jumamosi iliyofuata alikuwa palepale,
anakung'uta maji kwa kopo la rangi,
hana la kujitetea.
Tukapanda. Wote. Mimi wa kwanza.

Nimekisoma cheti chako mbele na nyuma.
Kuna mhuri, kuna sahihi mbili, kuna tarehe ya kuisha.
Sijaona walipoandika kwamba unaweza kuchekwa
na kesho yake ukageuza boti tena.
Labda wanaandika baadaye.

Polepole na hicho kikubwa, kina ufa.
Mdomo chini, nimesema.
Na nyasi.