Daftari la Kunguru

Kazi yangu ni kuua. Nianze hapo,
nisije nikajifanya mtu mwema.
Kila alfajiri, nyuma ya soko la Temeke,
nafungua mtego wa waya: utumbo wa mbuzi ndani,
maji kwenye kopo la rangi,
na kunguru wa shingo za kijivu wanaingia kwa kelele
kama wageni wa arusi wasio na kadi.
Nawavunja shingo upesi. Naandika idadi:
Jumatatu, kumi na wanane. Jumanne, thelathini na mmoja.
Mmoja namwacha hai
awaite wenzake.
Hilo silipendi, wala siliandiki.

Waliletwa kwa meli zamani, hawakuomba safari.
Sasa wanakula mayai na makinda ya wenyeji
mpaka kuna mitaa haina sauti nyingine ila yao.
Hiyo ndiyo sababu yangu. Naivaa shingoni
kama kitambulisho cha kazi.

Jumapili, Keko, ghorofa ya tatu,
Bwana Mchomvu, mhasibu mstaafu,
katoka roshani na bunduki ya upepo aliyotumiwa na mwanawe.
Suruali ya kulalia. Chai ya rangi ukingoni.
Pa. Tetere juu ya bati la fundi cherehani.
Pa. Shore.
Hawali. Mkewe hataki hata manyoya jikoni,
na paka wa ngazini amekinai.
Pa, kwenye ua la mgomba,
na kitu kidogo kikadondoka mbele ya Sikudhani, binti wa fundi,
aliyekuwa akisugua viatu vya shule.

Alikigusa kwa kandambili, kisha kwa kidole.
Chepesi kama ganda la kitunguu.
Kifua kijani; ukikigeuza, zambarau;
mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia,
na nchani, bado, utamu wa ua.
“Shangazi, huyu anaitwaje?”
“Chozi.”
“Analia?”
“Hapana. Ndilo jina lake.”
Sikuwa na zaidi.

Tukapanda ngazi, mimi mbele.
“Mzee, huyu amekukosea nini?”
“Nanoa jicho tu. Daktari kasema nisikae bure.”
Akacheka, wala si kwa ubaya:
“Na wewe, Mwajabu, mwuaji wa Manispaa,
jana umepeleka wangapi?”

Thelathini na wanne.
Nilikuwa na hoja, nzuri, za semina nzima,
zikanikwama kama mwiba wa samaki.

Mama yangu akichinja kuku
alikificha kisu ndani ya khanga mpaka dakika ya mwisho,
na kuku wengine aliwafungia stoo wasione.
Nilidhani anawahurumia kuku.
Siku hizi nadhani alikuwa anaulinda mkono wake,
usije ukazoea.

Sikudhani hakungoja wakubwa wamalize.
“Shika, babu. Bado ana joto.”
Akamweka kwenye kiganja cha mzee,
kile kilichoshika kikombe.
Mchomvu akasimama vile vile, mkono wazi,
chai imemwagika miguuni,
mhasibu wa miaka thelathini
asijue amwandike safu gani.

Ningependa kusema bunduki iliuzwa.
Jumapili iliyofuata palikuwa kimya.
Ile ya pili nikasikia pa, mara moja,
kisha dirisha likafungwa.

Mimi nimeongeza safu kwenye daftari: Kwa nini.
Kwa kunguru naijaza haraka, karani hata hasomi.
Kuna mstari mmoja tu, chozi, mmoja, Keko,
ambao umebaki mweupe.
Na yule ninayemwacha hai, Jumatatu,
alinitazama kwa jicho la upande kama kawaida yao.
Sikumfungulia.
Nilibadili maji kwanza,
ndipo nikashika kalamu,
nikamwandika naye.