Gari la Barabara ya Tisa

Nililifunga Jumanne, saa tatu na robo,
gurudumu la mbele, upande wa dereva,
kwa chuma cha njano, namba kumi na nne.
Lilikuwa limeziba mlango wa zahanati,
mkia barabarani, kama punda aliyesusa.
Nikabandika karatasi. Nikapiga picha.
Sheria haina shemeji,
ndivyo tulivyofundishwa ukumbini, siku mbili,
na soda moja.

Siku hiyohiyo likaja shangingi la vioo vyeusi,
likasimama ubavuni mwake, injini inanguruma.
Simu ikalia kabla sijainama.
"Chilewa, hilo liache."
Nikaliacha.

Hili halikupigiwa simu.
Jumatano, Ijumaa, Jumatatu tena,
faini inalala humo na kuamka imenenepa.
Upepo wa Dodoma ukalipaka vumbi
mpaka rangi yake ikabaki kwenye kadi tu.
Mtoto akaandika kwa kidole: NIOSHE.
Mwingine, chini yake: NILIPIE.
Kuku wa mama Mbeleje akatagia chini ya injini
mayai saba. Niliyahesabu.
Kazi yangu ni kuhesabu.

Wiki ya tatu deni likalipita gari bei.

Ndipo akaja Sechelela, kwa miguu, kutoka Nkuhungu,
risiti hana, hasira hana.
"Mbukwenyi," akasema. Nikaitika,
huku natayarisha ulimi: kanuni, kifungu, kiasi.
Hakuuliza kiasi.
Akafungua buti, akatoa viatu vya shule,
jozi moja, vyeusi,
bei bado imebandikwa kisiginoni.

"Siku ile mtoto alikuwa anapumua kwa filimbi.
Sikutazama mistari."
"Na sasa?"
"Shule zimefunguliwa jana. Amekwenda na ndala."

Akavipangusa kwa upindo wa kanga,
kimoja, kingine,
kisha akanishikisha ufunguo kiganjani
kama anayerudisha chenji iliyozidi.
"Liwe lenu. Mafuta yamo nusu tanki."
Akaondoka kwa njia ya sokoni, viatu kwapani,
wala hakugeuka kuona kama ninaandika.

Ofisini hakuna fomu ya kupokea kitu hicho.
Basi natembea na funguo mbili mfuko mmoja,
ule wa chuma changu na ule wa gari lake,
na kila ninapoinama penye gurudumu zinagongana,
nami nainua kichwa kwanza,
natazama ni mlango gani.

Kuku bado analalia.
Huyo sijamwandikia.