Kabla Taa Hazijazimwa

Tangazo limebandikwa tangu Jumatatu
mlangoni pa duka la Lamara, kwa gundi ya unga:
Jumamosi, saa moja jioni, ukumbi wa shule ya Becho.
Kuna picha ya Ushba na vilele vyake viwili,
na mbele yake uso wa mume wangu,
mkubwa kuliko mlima.

Siku tisa, wameandika. Wamezihesabu vizuri.
Nami nilizihesabu kwa njia yangu:
mikate tisa, mmoja kila usiku,
niliyoifunga kitambaani aikute ingali moto,
na kulipokucha nikaitupia nguruwe.
Hayo hawakuniuliza.

Walikuja vuli iliyopita kutoka Tbilisi,
vijana wanne na nyaya zao.
Wakamkalisha Bimurza chumba cha juu,
wakaziba dirisha kwa blanketi langu la harusi.
Siku tatu mlango ulifungwa.
Nilipeleka chai, nikaiacha kizingitini,
nikashuka ngazi kwa kunyata
kama mgeni katika nyumba ya watu.
Mara moja tu nilisikia kitu. Kilio? Kicheko?
Kisha sauti ya binti mwenye kinasa sauti,
taratibu: "Tupumzike kidogo."

Miaka kumi na miwili nalala na mtu huyu.
Navijua vidole vyake vitatu vilivyobaki,
najua anavyofunga vifungo kwa meno,
najua theluji ikianza kudondoka paani
huamka akakaa jikoni, taa inawaka, hadi kuche.
Lakini usiku wa nne, chini ya lile poromoko,
yeye na Tariel katika shimo lisilozidi kitanda,
usiku huo sikupewa.
Kimya kina mshindo, hunena wahenga.
Mimi mshindo huo nimeufanya mto, nimeulalia.
Leo atausikia mwalimu wa hesabu,
atausikia dereva wa basi la Zugdidi,
kwa lari tano.

"Mama," anauliza Nutsa, "mwishoni baba atapona?"
Baba mwenyewe yuko ubavuni mwake
anabangua mbegu za maboga kwa magego.
"Subiri uone," anamjibu,
na mbegu inampalia.

Nimewahi viti vitatu karibu na mlango.
Magodoro ya mazoezi yamesukumwa ukutani;
juu yake zinaning'inia kamba za watoto kupandia.
Bimurza anaziangalia, kisha anaangalia viatu vyake.
Shuka mbili zimeunganishwa kuwa pazia
na mshono unapita katikati, umepinda,
kama njia aliyoichora mtu mwenye haraka.
Mashine inagoma. Umeme unakwenda, unarudi.
Namwomba Mungu ukatike.
Namwomba usikatike.

"Natoka kuvuta," anasema,
na koti lake linabaki kitini kama mtu aliyesinzia.

Ndipo anaingia Pirimze wa Tariel.
Si kwa nguo nyeusi. Kwa koti la kijani,
lile ambalo sijaliona tangu msimu ule.
Ukumbi mzima unajifanya unatafuta vitambaa vya pua.
Lamara anakataa hela yake; Pirimze anaziweka mezani
noti juu ya noti, anasubiri chenji.
Anapita safu ya mbele, anapita kwa mashemeji,
anafika kwangu. Analiinua koti la Bimurza,
analikunja vizuri, analipakata, anakaa.

Tunanyamaza. Anatazama shuka.
"Wewe alikuambia?"
"Hakuniambia."
Anatikisa kichwa, polepole,
kama mtu aliyepewa bei ya kitu
na kuiona ni ileile aliyoidhani.

Kiooni mwa mlango kuna nukta nyekundu ya sigara,
inapanda, inashuka, inapanda.
Mtu amezima taa. Nutsa amenikwea mapajani.
Nyuma yetu mashine inanguruma, na shuka linakuwa jeupe,
jeupe tupu, kwa muda mrefu,
na hakuna ajuaye, hata mwenye mashine,
kama filamu imeanza.